Injinia na Sikio la Butembo

Injinia alikuwa hawezi kuliona kosa mpaka alisimulie. Angeweza kushinda mbele ya kompyuta tangu asubuhi, kahawa imepoa pembeni, vidole vinakuna kidevu, na programu inakataa katakata. Ukimuuliza kuna nini, anakujibu kwamba hajui, angejua asingekuwa amekaa hapo. Halafu ghafla anaifunga ile mashine, anaitia kwenye begi lake la kijani, anatoka bila kuaga na kuteremka mpakani kupiga simu. Akirudi kosa ameshalijua, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyekunywa maji baridi.

Aliyekuwa akimpigia ni mkewe, aliyebaki Butembo, upande wa Kongo. Kupiga kule kwa laini ya Uganda kulikuwa kunamaliza salio kabla hamjasalimiana, kwa hiyo Injinia alikuwa na laini ya Kongo, na laini ya Kongo ilishika mtandao pale tu ukifika Mpondwe karibu na mto, ambako mawimbi ya upande wa pili yanavuka bila kuulizwa kitambulisho. Alikuwa na mahali pake maalumu, kwenye ukuta wa ghala moja la chumvi. Alisimama pale, kidole kimoja kimeziba sikio la pili asisikie honi za malori, wapagazi wakimpita na magunia kichwani, na yeye akimweleza mkewe programu mstari kwa mstari.

Mkewe hakujua lolote kuhusu kompyuta. Alikuwa anauza mafuta ya mawese sokoni na kumtunza mama yake mzazi, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imeshagoma. Alisikiliza tu. Injinia akinyamaza kuvuta pumzi, mwanamke yule wa Butembo alisema neno moja: "Kisha?" Basi Injinia anaendelea, na hapo katikati ya kuendelea, kosa linajitokeza lenyewe.

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kumfuata ukutani kila ofisi ilipowaka moto, na simu yake ilikuwa na sauti kubwa. Mimi pia naandika programu. Nilijifunzia Kampala, nikarudi nyumbani Kasese kwa sababu baba yangu, ambaye ni mtu wa malori, alianza kuchoka na kutaka mtoto karibu. Nilipata kazi Bwera, juu kidogo ya Mpondwe, katika ofisi ya mawakala wa forodha ambako Injinia alikuwa ametangulia. Nilifika na viatu vya kung'aa na maneno mengi. Yeye alinitazama, akanisogezea kiti, akaniambia, "Karibu, mudogo yangu. Huku mashine haina shida. Shida iko na watu, na watu nao wako na njaa, tuwasamehe." Tangu siku hiyo niliitwa mudogo, na mpaka leo wapo watu Mpondwe ambao hawajui jina langu lingine.

Yeye naye hakuwa na jina lingine. Mpondwe nzima ilimwita Injinia, ingawa hakuwahi kujenga daraja wala choo. Wapagazi walimletea redio zao mbovu, wanawake wa sokoni walimletea mizani, na siku moja kuna mtu alimletea mbuzi aliyemeza kipande cha waya. Hakumfukuza. Alimpapasa yule mbuzi tumboni kwa heshima zote, kisha akasema kwamba hiyo si idara yake.

Kazi yake ya kweli ilikuwa programu ya ofisi. Kabla hajaja, ukitaka kujua lori la mteja limefika wapi ulikuwa unampigia dereva, dereva anasema amefika, na wewe unamsikia jogoo nyuma yake anawika, unajua yuko kwake Munkunyu anakula. Injinia alitengeneza programu iliyoonyesha kila lori, mzigo wake, karatasi zake ziko meza gani, limetoka Uganda saa ngapi na limepokelewa Kasindi, ng'ambo ya Kongo, saa ngapi. Wakubwa walishangilia. Halafu ikaanza kusema kwamba malori yanafika kabla ya kuondoka.

Lori linatoka Mpondwe saa nne, linafika Kasindi saa tatu na nusu. Tuliitazama ile skrini kama watu waliorogwa. Mimi na digrii yangu nilipitia mistari yote nikatoka mikono mitupu. Injinia naye alishinda juu yake mpaka macho yakawa mekundu, ndipo akatia mashine kwenye begi akateremka ukutani. Nilimfuata. Alieleza kila kitu, na kule Butembo "Kisha?" ikafuatana na "Kisha?", ila kosa halikutoka. Mwishowe, kwa hasira, akasema ameacha hata chakula, saa saba imeshapita.

Mkewe akamwambia, "Huku iko saa sita tu. Enda ukule, ungali na wakati."

Injinia akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea magunia. Saa ya Kongo iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa nzima, na hakuna mtu wa mpakani asiyejua hilo. Ndiyo maana tulikosea. Kila mtu pale anaongeza au kupunguza kichwani bila kujua kwamba anafanya hesabu, tangu mpagazi hadi afisa, na hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine. Injinia ndiye alipaswa kukumbuka kuliko sisi wote, kwa maana mwenyewe alikuwa anavaa saa ya mkono iliyobaki kwenye saa ya Butembo. Hakuwahi kuirekebisha tangu alipovuka. Alisema kuirekebisha ni kama kutia sahihi kwamba amehama.

Hakukusudia kuhama. Alivuka na wenzake wakati mambo yalipochafuka kule, akiwa na ile mashine na nguo chache, akisema anangoja barabara itulie. Barabara anayoisema ni ile inayotoka Kasindi kwenda Beni. Alipita humo juu ya lori la mbao, na alichokiona humo hakukisimulia. Huyu mtu aliyesimulia kila kitu, aliyeweza kukuchosha kwa habari za kitufe kilichokataa kubonyezeka, kwenye barabara ile alifika akafunga mdomo. Nilijaribu kumuuliza zamani sana. Alisema, "Ile barabara, mudogo, tuiache," akaniomba nimletee maji.

Starehe yake ilikuwa kucheza drafti. Alicheza na madereva kwenye kibanda cha chai, kwa vifuniko vya soda, na alikuwa akishindwa na kila mtu. Sababu ilikuwa ile ile. Kabla ya kusogeza kete alikuwa anaeleza kwa sauti: nikienda huku wewe utakuja huku, nami nitakula hizi mbili, lakini hapa nimeacha mlango wazi. Basi mpinzani anaupitia ule mlango. Madereva walimpenda mno. Walipanga foleni kucheza naye. Nikamwambia akae kimya angalau mara moja ashinde, akajaribu, akakaa kimya ametoa jasho, na alipofikia kusogeza akasahau alichokuwa amekusudia.

Kwa ajili ya tabia hiyo siku moja alikamatwa. Alikuwa ukutani pa chumvi akimwambia mkewe lori gani limepita saa ngapi na lipi limesimama wapi, askari mmoja akamsikia. Akamtia mkono begani, akamuuliza anaripoti kwa nani. Injinia akajibu kwa adabu, "Kwa bibi yangu, afande."

"Bibi gani anaambiwa mambo ya malori?"

Walimkalisha kwenye benchi la kibanda chao mpaka nilipofika na barua ya ofisi. Nikamkuta anamweleza yule askari programu yote tangu mwanzo, askari ameshika kichwa. Walituachia nadhani kwa kuchoka. Njiani Injinia alikuwa analalamika, si kwamba amekamatwa, bali kwamba afande hajui kusikiliza, kila dakika anakatiza na kuandika.

Mimi mwenyewe hakuniona kama msikilizaji. Kulikuwa na kipindi ambapo mtandao wa Butembo ulizimwa kabisa, siku nyingi, na Injinia akawa kama mtu aliyenyang'anywa miwani. Makosa madogo yalimshinda. Nikajitolea anisimulie mimi. Alianza vizuri, lakini kabla hajafika popote mimi nikasema, tatizo ni pale kwenye orodha ya wateja. Akaendelea, nikasema, au labda ni tarehe. Akaifunga mashine taratibu. Akasema ninajua mno, na mtu anayejua mno anasikia yale tu anayoyajua. Jioni nilimwambia mke wangu Hadija habari hiyo nikitegemea anionee huruma. Hadija alikuwa anamkaanga samaki, akasema angalau yule mzee anamsimulia mke wake kazi yake, yeye hapa anaishi na mtu anayekula huku anaitazama skrini, akiulizwa siku imeendaje anajibu, nzuri. Nilitaka kujitetea. Nikaona samaki anakaribia kuungua, nikamwambia samaki anaungua.

Ilikuwa hivyo hivyo kwa Injinia mwenyewe, ukitazama kwa karibu. Alimsimulia mkewe kila mstari wa programu lakini habari zake mwenyewe alizificha. Alisema amekula, kumbe amekunywa chai na mandazi ya jana. Alisema analala vizuri. Alikuwa na presha ya damu, ya kutisha, na vidonge vyake vilikuwa vinakaa kwenye droo ya ofisi chini ya nyaya, akivikumbuka anameza, akivisahau basi. Nilimkumbusha. Aliniitikia kila mara kama mtoto mtiifu, na kesho yake vidonge viko pale pale. Siku moja nilimwambia nitamwambia mama, ndivyo tulivyomwita mkewe. Akanitazama kwa upole akasema kwamba mama kule ana mgonjwa mmoja tayari, na mkono wake mmoja hauwezi kuvuta watu wawili.

Kila simu, kosa likishapatikana, waliingia katika mazungumzo mengine, nami nilijifunza kusogea mbali wasidhani nawasikiliza, ingawa sauti ilinifuata. Anamwomba avuke. Mke anamuuliza, na mama? Kikongwe hangeweza kupandishwa kwenye lori katika barabara ile, na hapakuwa na mtu wa kuachiwa isipokuwa mdogo wa mke, ambaye naye ana watoto wake na shida zake. Basi mke anamwambia arudi yeye. Injinia anasema barabara. Wanarudia hayo kwa upole, hawagombani, kama watu wanaosukuma mlango mmoja kila mmoja upande wake.

Chumba chake nyuma ya duka moja Bwera kilikuwa kinamngojea huyo mwanamke. Injinia alikuwa mchafu wa mambo ya nyumbani, nyaya kitandani, vikombe chini, soksi mahali ambapo Mungu pekee anajua, lakini kulikuwa na upande mmoja alioupaka rangi ya bluu na kuweka kiti cha mbao kilichofumwa kwa kamba. Kiti cha mama, alikiita. Hatukukikalia. Ukija na wageni wengi, mtu anakaa juu ya ndoo, kile kiti kitupu kinatutazama. Jumapili akitoka misa alikifuta vumbi.

Alianguka asubuhi moja ofisini akibishana na wakala kuhusu lori la mbao. Sitaki kuyasema mengi ya siku hiyo. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mteja, na daktari akatuambia ni kiharusi, upande wote wa kulia umelala, na mdomo pia. Nilishika ile mikono yake miwili, mmoja ukanibana na mwingine haukuniambia kitu.

Hapakuwa na mwingine wa kumwarifu mkewe. Nilichukua simu yake nikateremka ukutani pa chumvi, nikasimama pale pale pake, nikabonyeza jina lake. Simu haikulia hata mara mbili.

"Umekula?" akasema.

Nikamwambia si yeye. Nikataja mimi ni nani. Akasema, "Mudogo wa kazi. Nakujua. Sema."

Nikaanza. Nikasema ameanguka ofisini. Nikanyamaza, nikitafuta namna ya kulainisha. Kule akasema, "Kisha?" Nikasema tumempeleka hospitali. "Kisha?" Nikasema mkono, mguu, mdomo. "Kisha?" Nikajikuta nasema na vile vidonge, na droo, na chai ya jana, na kile kiti. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilielewa siku hiyo kwa nini Injinia hakuweza kuficha kosa mbele ya neno lile. Halikusukumi, linakuachia tu nafasi, na wewe unaijaza. Nilipofika mwisho akauliza tena, "Kisha?" nikasema, basi, Mama, ndipo tulipo.

"Nakuya," akasema.

Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema, "Barabara naijua." Sikuthubutu kumuuliza kuhusu kikongwe.

Alifika na lori la ndizi. Mwanamke mfupi, kitenge cha kahawia, beseni la plastiki na furushi moja. Alimwachia mdogo wake mama yao, akatoka alfajiri iliyofuata ile simu, kikongwe akiwa amelala, kwa sababu akiamka angemshika mkono na yeye asingeweza kuutoa. Miaka yote ile hilo lilishindikana, na mwishowe alilifanya kwa asubuhi moja. Hakuonekana kulifurahia. Aliingia wodini, akamtazama mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayekagua mzigo uliosafiri vibaya, akachota maji kwenye kikombe.

Injinia akamtazama, mdomo ukahangaika, likatoka neno.

"Kisha," akasema.

Lilikuwa limetoka na jana yake. Muuguzi alipomuuliza jina alisema kisha. Alipoulizwa anaumwa wapi, kisha. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huu wakati mwingine unachukua maneno yote na kumwachia mtu moja, na hakuna anayechagua lipi. Wapo wanaobaki na tusi, akasema, wapo wanaobaki na jina la mtoto. Inawezekana mengine yangerudi. Haikujulikana. Mkewe alisikia hayo yote huku anampangusa kidevu. Hakulia mbele yetu. Mimi ndiye niliyetoka nje kwenda kujifanya napiga simu.

Alirudishwa chumbani kwake Bwera, na Mama akakikalia kile kiti. Nilienda kila Jumapili kutoka nyumbani Kasese. Kulikuwa na mazoezi ya mkono ambayo muuguzi alitufundisha, tukayafanya. Kulikuwa na picha za kuonyesha, hii kikombe, hii nyumba, tukazionyesha. Nilitafuta kwenye mtandao kila kitu kilichoandikwa kuhusu ugonjwa ule, nikasoma mpaka Hadija akaniambia nikiendelea nitaugua mimi. Nilizoea kwamba kitu kikiharibika kuna mahali kilipoharibikia, ukipafikia unarekebisha. Kwa Injinia tulipaona kabisa mahali kilipoharibikia, daktari alituonyesha kwenye picha kwa kalamu, na haikusaidia.

Wakati huo huo programu yake ilianza kugoma. Karatasi za malori ya kahawa zilikuwa zinapotea katikati, zinaingia meza ya kwanza hazitokei ya pili. Nilifungua mistari yake, na ndipo nilipogundua kwamba hakuacha maelezo yoyote. Sisi huwa tunaacha maneno pembeni ya mistari kumweleza atakayekuja nyuma. Injinia hakuacha hata moja. Alikuwa ameyasema yote, kila kitu, kwa sauti, kwenye ukuta wa ghala la chumvi. Maelezo ya kazi yake nzima yalikuwa yameingia katika sikio moja tu duniani.

Kwa hiyo siku moja nilimuuliza mwenye sikio hilo. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, nje ya mlango. Nilimuuliza kama anakumbuka chochote alichoambiwa kuhusu meza ya kwanza na ya pili, hata neno moja. Aliendelea kuchambua, kisha akasema bila kuinua uso:

"Mi sikukuwaka nasikia maneno, mwanangu. Nilikuwa nasikia sauti. Nijue kama amekula."

Nikakaa chini kwenye kizingiti.

"Akisema amekula, sauti inakatala," akasema. "Naijua. Lakini nikimuuliza, atakata simu, na sitasikia tena kama anapumua vizuri. Basi nasema kisha, aongee." Akachambua majani machache. "Na mama amenishika mukono. Ningefanya nini?"

Sikujua hata kama aliniuliza mimi.

Ofisi ilinunua programu nyingine kutoka Kampala, yenye rangi nyingi. Niliombwa niizime ile ya Injinia. Kabla ya kuizima niliona ni adabu kumwambia, basi nikaenda, nikakaa mbele yake, nikamweleza kwamba karatasi zinapotea, nimetafuta nimeshindwa, wakubwa wamechoka kungoja, Jumatatu tunaizima.

"Kisha," akasema, macho yake yananitazama.

Nilikuwa na maneno ya kumfariji niliyoyaandaa ndani ya gari tangu Kasese, yote yakapotea. Nikamshika ule mkono unaobana. Jumatatu niliizima, na mchana wa siku hiyo sikula.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni juzi juzi tu, baada ya mvua. Nilifika Bwera nikakuta Mama hayupo, jirani akaniambia ameteremka kupiga simu. Nikajua atakuwa wapi. Alikuwa kwenye ukuta wa ghala la chumvi, malori yanapiga honi, kidole kimeziba sikio la pili kama alivyokuwa akifanya mumewe. Ila yeye hakuwa anasema kitu. Alikuwa anasikiliza tu. Halafu akaishusha simu, akaitazama, akaitia kifuani.

Nilimpa shikamoo. Akaitikia kwa kichwa. Tukapanda kurudi, yeye mbele, mimi nyuma yake nimebeba beseni lake lenye nyanya, na nilijua, nadhani nilijua tangu nilipomwona hasemi "kisha" kwenye ile simu.

Ndani Injinia alikuwa ameegemezwa mito, saa yake mkononi, bado kwenye saa ya Butembo, Mama ndiye aliyekuwa akimvalisha kila asubuhi. Mama alikaa kwenye kiti chake. Alifungua kitambaa cha kichwa akakifunga upya.

"Mama amekufa," akamwambia. "Wamemuzika asubuhi."

"Kisha," akasema Injinia.

"Sikukuwako."

"Kisha."

Uso wa Mama ukavunjika. Nilidhani atamfokea, na nisingemlaumu, neno gani hilo la kumwambia mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nyanya, sina pa kuliweka, na mpaka leo sijui kama alikuwa anauliza, au neno lilikuwa linamtoka tu kwa sababu ndilo lililobaki. Mama hakungoja kujua. Alikivuta kiti karibu na kitanda, akampangusa mdomo, akauchukua ule mkono uliolala akauweka mapajani mwake. Akaanza tangu alfajiri aliyotoka Butembo, mama yake amelala upande wa ukutani, mlango alivyouvuta polepole usilie, na ile barabara yote, kona kwa kona, ambayo hakuna aliyewahi kuisimulia katika chumba kile. Na kila aliponyamaza kuvuta pumzi, Injinia alimwambia aendelee.